Gramu Tisini na Mbili

Pale Malaba, ukishapita foleni ya malori ukielekea upande wa reli, kuna kibanda cha mabati cha rangi ya buluu, na mlangoni kimeandikwa kwa mkono: HAPA GESI HAIMWAGWI. Wapita njia husoma wakashangaa, gesi gani hiyo, na ikimwagwa inamdhuru nani? Ole wao wamuulize mwenyewe. Ajiko, mjane wa Okal, fundi wa friji, akiulizwa swali hilo huweka spana chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, na muulizaji hatoki hapo mpaka asomeshwe nusu saa bila kulipa karo.

Mji mzima humwita Mama Baridi. Wengine wanamwita kwa heshima, wengine kwa kejeli, na yeye huwaitikia wote kwa sauti ileile.

Alizaliwa Moding, kwa watu wa njugu na wimbi, akaolewa na Okal, Mluo wa kando ya ziwa aliyekuja Malaba kutengeneza mashine za baridi za malori ya samaki. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kumshikia mumewe tochi. Miaka ikapita, na Okal akawa ndiye anayeshika tochi, maana macho yake yalianza kuchoka na masikio ya mkewe yalikuwa makali: Ajiko angesimama mlangoni mwa hoteli, asikilize friji inavyonguruma, aseme ugonjwa wake kabla hajaifungua. Okal alikuwa akicheka na kuwaambia wateja kwamba yeye ni mwenye duka tu, fundi yuko jikoni.

Okal alipofariki, shemeji za Ajiko walikuja siku ya nne na pikapu. Mwanamke na spana wapi na wapi, walisema, vifaa virudi nyumbani kwa wenyewe. Basi Ajiko akaivuta pampu ya kunyonyea hewa, ile ya gharama kuliko vyote, akaiweka katikati ya kibanda, akaikalia. Uji aliletewa hapohapo. Wazee walikuja kumsihi, pasta akaja, chifu akatuma mtu. Wote aliwajibu neno moja: "Anayetaka pampu anibebe nayo." Siku mbili. Shemeji wakachukua televisheni na kitanda, wakaondoka wakinuna, naye akalala sakafuni mwezi mzima na pampu yake ubavuni. Nakwambia, mtu aliyewahi kulalia sakafu kwa sababu ya pampu, usimtishe na maneno.

Hayo ya gesi yalimpata baadaye, alipokwenda Kisumu kwa mafunzo ya wiki mbili. Huko ndiko aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba gesi za friji za zamani, zile ambazo yeye na Okal walikuwa wakizifungulia hewani kila wanapokata bomba, kuna zinazotoboa blanketi la juu linalotukinga na jua, na kuna zinazofungia joto hapa duniani. Mwalimu alisema kilo moja ya gesi inayotiwa kwenye mashine za baridi kali inafungia joto kuliko kilo elfu kumi za moshi wa gari. Ajiko alichukua kalamu akaanza kuhesabu kilo walizomwaga, yeye na mumewe, miaka yote ile. Alifika mahali akaiweka kalamu chini. Aliporudi Malaba alinunua kopo la rangi akaandika ule mlango.

Gesi alizojifunza badala yake, propani na ethani na wenzake, ni za asili, ndugu wa gesi ya kupikia, ila zimesafishwa na kukaushwa mpaka hazina harufu wala unyevu. Hazitoboi chochote huko juu, na joto linalofungiwa nazo ni kidogo mno. Kasoro yao ni moja: zinawaka. Kwa hiyo hutiwa kwa gramu, kidogo sana, na mahali pa kutoa cheche hufunikwa au huhamishwa. Ajiko alikuwa amezitia kwenye friji za hoteli sita na hakuna aliyeungua hata ukucha.

Halafu Ogendo akaharibu.

Ogendo ni fundi mwenzake, kibanda cha tatu kutoka kwake. Alisikia kwamba friji za kisasa zina gesi inayowaka, akapiga kofi pajani akasema, kumbe ni ile ya kupikia! Akauchukua mtungi wa jikoni kwake, akaijaza friji ya hoteli moja kwa kupima na mkono, na ilipovuja akainama na pua yake kutafuta harufu, kama wafanyavyo mafundi wote wa mpakani. Pua ilipomwambia harufu imeisha, akawasha moto wa kulehemu bomba, na gesi bado imo ndani. Wacha! Bati la kibanda lilikwenda kupatikana juu ya lori la simiti. Ogendo alipona, asante Mungu, ila nyusi hazikurudi sawa na shavu moja likabaki na kovu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Malaba nzima iliogopa gesi inayowaka, na Ogendo akawa mhubiri wake mkuu. Alikuwa na kovu la ushahidi. Alikuwa pia na mitungi ya gesi ya zamani iliyovushwa kutoka ng'ambo kwa njia za panya, vibandiko vimekwanguliwa, na hiyo aliisifu kwamba haiwaki na haiui. Wateja wa Ajiko wakapungua, hoteli nne kati ya zile sita zikahama. Ajiko aliwaambia waliohama kwamba aliyelipua kibanda ni Ogendo na moto wake wa kulehemu, wasiisingizie gesi. Walitia pamba masikioni.

Sasa tufike Angurai, maana huko ndiko jambo lenyewe lilikotokea.

Angurai kuna ushirika wa wakulima, wengi wao akina mama, na mwenyekiti wao ni Amoding, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na msimamo wa jiwe. Ushirika huo hautengenezi mbolea ya gunia. Unafuga vijidudu. Kwenye mizizi ya njugu na kunde na maharagwe kuna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu wamo vijidudu wanaoulisha mmea. Kwa misimu sita akina mama hao walizunguka mashamba ya Teso wakichimba mizizi iliyonawiri kuliko mingine, na Vivianne, mtaalamu wao wa maabara, akawatenga vijidudu wale bora katika vichupa mia mbili na kumi. Kutokana na kichupa kimoja huzalishwa unga mweusi wa kupaka mbegu za kijiji kizima. Vichupa hivyo wanaviita mbegu mama. Ni kama mpishi anavyobakiza chachu: pombe huisha, chachu haimalizwi.

Lakini mbegu mama hukaa kwenye baridi ya themanini chini ya sifuri. Ikipanda juu ya hapo ikakaa, vijidudu wanaanza kufa. Na kichupa namba kumi na saba kilitoka shamba la mamake Ajiko, kule Moding, kipande cha njugu alichokilima marehemu mpaka siku yake ya mwisho. Shamba hilo liliuzwa na kaka zake. Leo ni yadi ya malori, limemwagwa kokoto juu mpaka kwenye ua. Hakuna mtu atakayechimba mzizi pale tena. Ajiko hakuwahi kumwambia mtu jinsi anavyokithamini kichupa hicho, lakini kila alipofika Angurai kwa kazi alimwomba Vivianne amwonyeshe.

Basi friza yao, waliyopewa ikiwa imeshatumika, ikafa Jumamosi moja. Gesi yote ya zamani ilikuwa imevuja kimyakimya. Vivianne akavihamishia vichupa kwenye sanduku la povu lililojaa barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji bali moshi mtupu, iliyoletwa kutoka mbali, na baada ya hapo msambazaji akasema barafu nyingine haitapatikana kwa wiki mbili. Iliyokuwepo, kwa hesabu ya Vivianne, ingefika Jumamosi iliyofuata mchana, basi.

Kamati ikakaa Jumatatu. Katibu, Victor, alikuja na barua ya kampuni moja ya mjini. Kampuni ilikuwa tayari kuvichukua vichupa vyote Ijumaa, kwa gari lake lenye baridi, ivihifadhi bure. Bure! Amoding akasoma barua mpaka chini, mahali pa herufi ndogo, akakuta kwamba vikishahifadhiwa kampuni itakuwa na haki ya kuvizalisha na kuviuza, na ushirika utanunua kama mteja mwingine yeyote. Victor hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Aliwauliza tu: bora mbegu ikiwa hai kwa mwingine au ikiwa maiti kwenu? Na Ogendo, aliyekuwa ameitwa kutoa maoni ya fundi, akasema anaweza kuijaza friza gesi ileile ya zamani kesho yake. Vivianne akaomba kuona kibandiko cha mtungi. Hakukuwa na kibandiko. Ogendo akasema gesi ni gesi.

Ajiko alikuwa ameketi karibu na mlango. Akasimama akasema atatengeneza mashine upya, kwa gesi safi, kabla ya Ijumaa, na itafika themanini. Watu wakaguna. Ogendo akalishika kovu lake. Mama mmoja akauliza kama ni kweli anataka kuweka gesi ya kupikia karibu na watoto wao.

"Nyumbani kwako una mtungi wa kilo sita chini ya meza ya jikoni na watoto wanauegemea," Ajiko akamwambia. "Mimi nataka kutia gramu zisizofika mia mbili na hamsini, mashine zote mbili. Nani kati yetu anacheza na moto?"

Amoding akampa mpaka Ijumaa.

Mashine ya baridi kali ni mashine mbili ndani ya sanduku moja. Umewaona akina mama wakiteka maji mtoni penye ukingo mkali? Wa chini humpa ndoo wa katikati, wa katikati humpa wa juu. Ndivyo joto linavyopandishwa. Mashine ya pili, yenye ethani, hulitoa joto kwenye vichupa na kuikabidhi ya kwanza, yenye propani, nayo hulitupa nje ya nyumba. Propani peke yake huchoka ikifika kama arobaini chini ya sifuri. Ethani hushuka mpaka themanini na zaidi, lakini bila propani ya kuipokelea mzigo haiendi popote. Ajiko alikata mabomba yote ya zamani, akaongeza chupa ya kupumulia ili presha isipasue mashine inapozimwa, akahamisha kila kitu kinachotoa cheche nje ya ukuta, akajaza naitrojeni kwa presha kubwa akapaka povu la sabuni kila kiungo kutafuta panapovuja. Pua yake hakuiomba ushauri. Kisha ile pampu, pampu ya kukaliwa, ikanyonya hewa kutoka asubuhi mpaka jua kuzama.

Ikabaki kupima. Gesi hizi ni za gramu, na mizani ya dukani haijui gramu mbili wala tano. Kwa hiyo Ajiko alikuwa ameazima mizani ya Wilkista, mama anayenunua dhahabu ya wachimbaji, mizani inayoona hata uzito wa unyoya. Ethani alikuwa akiitoa kwenye mtungi mkubwa kwenda kwenye kimtungi kidogo cha chuma kinene, ndicho apime. Kwa hesabu alizoandika kwenye daftari, propani ilitakiwa gramu mia moja arobaini, na ethani gramu tisini na mbili. Jumatano alipima propani barabara. Jumatano hiyohiyo jioni Wilkista akaja kuchukua mizani yake, maana Alhamisi ni siku yake ya kununua kule Busia. Akaahidi kuirudisha Malaba Ijumaa alfajiri.

Mtu mwenye busara angengoja. Ajiko hakungoja. Kamati ilikuwa imeitwa Alhamisi kuja kuona, Victor alikuwa ameshawapigia simu watu wa kampuni, na Ogendo alikuwa amesema hadharani kwamba mama huyo anababaisha. Kiburi nacho kina njaa yake. Akaitazama mikono yake miwili, iliyojaza friji za mji mzima tangu enzi za Okal, akajiuliza lini imewahi kumdanganya. Fundi wa mpakani hujaza gesi mpaka bomba la kurudi litoe jasho, akaligusa, akasema tosha. Akafungua vali, akashika bomba, akajaza kwa mkono.

Alhamisi asubuhi kamati ilifika, ikasimama kwenye ua wa michongoma, hatua arobaini kutoka chumba cha maabara. Hakuna aliyetaka kukaribia. Ajiko akawaangalia wote pale uani, akainua gauni kidogo, akapanda akakaa juu ya friza kama alivyokaa juu ya pampu, akamwambia Vivianne awashe. Mashine ikanguruma. Alikaa hapo akimenya njugu na kutupia maganda kwenye ndoo, na taratibu, mmoja mmoja, wakaanza kusogea hadi dirishani. Ilipofika arobaini chini ya sifuri walikuwa wameshaingia ndani. Ilipofika hamsini Amoding alikuwa akiisoma namba kwa sauti, na mama mmoja akaanza kigelegele.

Ilifika hamsini na nane, ikakataa. Saa saba, hamsini na nane. Saa nane, hamsini na nane. Saa tisa presha ikapanda, mashine ya pili ikajizima yenyewe kwa usalama, na joto likaanza kupanda: hamsini na saba, hamsini na tano. Kigelegele kikaisha. Ogendo, aliyekuwa amekaa nje kwenye kivuli, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hiyo ndiyo gesi ya Mama Baridi, ikikosa kukuua inakuaibisha.

Ajiko alikuwa ameshashuka. Alitazama saa za presha kwa muda mrefu. Alijua. Alikuwa amejua tangu saa saba, na kwa saa mbili nzima alikuwa akijidanganya. Bomba la friji ya soda linatoa jasho likishiba. Bomba la baridi kali linaganda barafu mapema, likiwa na njaa au limevimbiwa, na mkono hauwezi kutofautisha. Alikuwa ameitia gesi kupita kiasi, na mashine ilikuwa imejaa mpaka kooni.

Sasa nambie, wewe ungesemaje? Stima ilikuwepo ya kulaumiwa, ilikuwa imekatika mara mbili wiki ile. Friza yenyewe ilikuwa kuukuu. Hata ethani ungeweza kuisingizia, haina wakili. Uso wa Ajiko ulikuwa unawaka kwa aibu mpaka masikioni, na watu wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Gesi haijakosea," akasema. "Nimekosea mimi. Nilipima kwa mkono."

Victor akasema pole, na alimaanisha, kisha akasema ndiyo sababu gari la kampuni linakuja. Ajiko akamjibu kwamba Ijumaa haijaisha, haijaanza hata. Alihitaji kuitoa ethani yote ndani ya mashine, aipime kwa mizani, arudishe gramu tisini na mbili peke yake. Vivianne akauliza kwa nini asifungue tu akamwaga kidogo nje, si gesi safi, haidhuru mtu? Ajiko akasema ukimwaga usichopima, utabaki na usichokijua, na ndipo walipo sasa. Akiimwaga yote mtungi mkubwa hautatosha kuanza upya. Njia ni moja: kimtungi kidogo kikizamishwa kwenye baridi kali, gesi itakifuata yenyewe kwa hiari yake, kama watu wanavyofuata kivuli.

Na baridi kali katika Angurai yote ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya lile sanduku la povu.

Akaomba barafu kavu. Alitaka thuluthi. Vivianne akahesabu kwenye karatasi, akahesabu tena, akasema wakitoa thuluthi iliyobaki haifiki Jumamosi. Itaisha Ijumaa jua likizama. Kama mashine itakataa tena na gari la kampuni limeshaondoka, vichupa vyote mia mbili na kumi vitakufa. Mkutano ukachafuka. Walisema mengi, na mengine hayarudiwi mbele ya watu. Mmoja akamuuliza Ajiko kama anajua anachoomba. Kichupa namba kumi na saba kilikuwa humo pamoja na vingine, na mkono uliotaka kukiponza ni wake mwenyewe uliokosea jana. Akasema anajua.

Amoding aliwaacha waseme mpaka wote wakachoka. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Ogendo alilipua kibanda akasema gesi ni mbaya. Huyu ameshindwa akasema mkono wangu ni mbaya. Mimi, fundi anayelijua kosa lake ndiye nitakayempa barafu."

Ijumaa alfajiri Ajiko alikuwa Malaba mlangoni mwa Wilkista kabla chai haijachemka. Wilkista akampa mizani na maneno yake juu: hata dhahabu, dada, mimi siipimi kwa mkono, na ni kazi yangu mwaka wa ishirini. Ajiko akameza. Akarudi Angurai kwa boda boda, mizani amekumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Kimtungi kikazamishwa kwenye vipande vya barafu kavu, moshi mweupe ukitambaa mezani. Ethani ikaanza kutoka kwenye mashine yenyewe, bila kusukumwa, sindano ya presha ikishuka polepole, na wale waliokuwa wakibisha jana wakabaki midomo wazi. Akakifuta kimtungi, akaacha umande ukauke, akakipima. Kilichotoka ndani kilikuwa gramu mia moja na thelathini na moja. Mkono wake aliouamini miaka yote ulikuwa umezidisha karibu nusu. Akaiandika namba hiyo kwenye daftari bila kuficha, akanyonya mabaki kwa pampu, kisha akarudisha gramu tisini na mbili, akifungua vali kwa nukta nukta, Vivianne akizisoma. Saa tano kasoro wakawasha.

Saa saba gari la kampuni likaingia uani, jeupe, safi, na kijana mwenye tai na karatasi za kutia sahihi. Amoding akamkaribisha chai. Namba ilikuwa hamsini na moja. Saa tisa ilikuwa hamsini na nane, na chumba kizima kikaacha kupumua, Ajiko akiwa wa kwanza. Hakukaa juu ya friza siku hiyo. Alisimama mbele yake mikono ameifungia nyuma, akiogopa kuigusa. Hamsini na nane. Hamsini na nane. Kisha hamsini na tisa, na haikusimama tena. Kijana wa kampuni akaangalia saa yake, akasema angependa kuondoka kabla ya foleni ya jioni, na barafu yenu naona inaisha, mama. Victor akalifungua sanduku la povu. Vipande vilivyobaki vilikuwa kiasi cha kiganja. Akamtazama Amoding, kalamu mkononi. Sitini na sita. Amoding akamwongezea kijana chai. Sabini na moja. Saa kumi na moja na robo, sabini na tisa. Saa kumi na moja na nusu Vivianne akavaa glavu nene bila kuambiwa na mtu.

Themanini na moja.

Walivihamisha vichupa trei kwa trei, bila kelele. Namba kumi na saba Vivianne alimpa Ajiko mwenyewe akiweke. Alikiweka, akafunga mlango, na hapo ndipo alipolia, wazi mbele ya watu wote, wala hakujifuta.

Amoding akatoka nje kwa kijana wa kampuni, akamrudishia karatasi zake zikiwa hazina sahihi. Alimwambia mbegu zimeshapata nyumba, asante kwa kuja, na chai haina deni. Victor akamfungulia lango.

Ogendo alikuja Jumatatu. Alisimama mlangoni mwa maabara, hakuingia, akauliza mizani ya namna ile inapatikana wapi. Ajiko akamwambia aingie kwanza. Akasita, akaingia.

Alimkuta Ajiko amepiga magoti na kopo la rangi, anaandika ubavuni mwa friza kwa herufi kubwa ambazo fundi yeyote atakayekuja miaka ijayo hataweza kuzipita: PROPANI GRAMU 140. ETHANI GRAMU 92. PIMA KWA MIZANI. Na chini yake: AJIKO ALIPIMA KWA MKONO, AKAKOSEA.

Victor, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akasema, mama, mstari wa mwisho uache, unajiaibisha bure, wageni watasoma.

"Wasome," Ajiko akasema, akachovya brashi tena ili jina lake likolee.